Akiba Iozayo: Uhakiki wa Majibu Yanayowekwa Tayari katika Mitambo ya Kutafuta

Mwaka 2001 Evangelos Markatos, mtaalamu wa kompyuta wa kisiwa cha Crete, Ugiriki, alitoa makala juu ya kuweka akiba ya majibu ya mitambo ya kutafuta habari katika intaneti. Makala hiyo haina madaha, lakini ni miongoni mwa kazi za awali zilizoipima kwa hesabu desturi ambayo sasa imeenea duniani kote. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Watu wengi huuliza yale yale. Basi mtambo ukishalijibu swali mara moja, kwa nini ulitafute tena jibu lake toka mwanzo? Yafaa jibu liwekwe mahali pa karibu, na ajapo mwulizaji wa pili apewe lile lile. Markatos alizitwaa kumbukumbu za maswali yaliyopelekwa kwa mtambo wa Excite, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maswali hayo iliulizwa zaidi ya mara moja, ama na mtu yule yule ama na mwingine, na kwamba akiba ya ukubwa wa wastani yatosha kuyabeba majibu ya yale yaulizwayo sana.

Hesabu hiyo haina mpinzani. Linalostahili kuhakikiwa ni dhana iliyo chini yake, ambayo ni dhana ya lugha kabla haijawa ya kompyuta: ni lini maswali mawili huhesabiwa kuwa swali moja? Mtambo, katika hali yake ya asili, hujibu kwamba ni pale yanapoandikwa kwa herufi zile zile. Kipimo hicho chaonekana hakina upendeleo, kwa kuwa herufi hazina kabila. Lakini kikijaribiwa kwa jina moja dogo, jina la Kahe lililo chini ya mlima Kilimanjaro, msomaji ataona kwamba chazifaa lugha fulani kuliko nyingine, na kwamba Kiswahili ni miongoni mwa zile zinazopunjwa.

NENO NA KAZI YAKE

Waingereza huliita jambo hili kwa neno walilolitwaa katika Kifaransa, lenye asili ya kitenzi cha kuficha, na mafundi wa Afrika Mashariki hulitamka kache. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza habari za kumbukumbu ndogo ya haraka inayowekwa ubavuni mwa kumbukumbu kubwa ya polepole, akaiita kumbukumbu mtumwa. Neno kache likapata nguvu baada ya kampuni ya IBM kulitumia kwa mashine yake ya mwaka 1968. Kwa Kiswahili wazo la kuficha halielezi kazi yenyewe, maana hapana anayefichwa kitu. Neno akiba lafaa zaidi: ni kitu kilichowekwa leo kwa haja ya kesho.

Namna ya kazi yenyewe ni hii. Mtambo haupekui kurasa za dunia nzima kila uulizwapo. Una faharasa, mfano wa ile iliyo mwisho wa kitabu, inayoonyesha kila neno limo katika kurasa zipi. Akija mtu na swali la maneno mawili, mtambo huzitwaa orodha mbili, huzilinganisha, kisha huzipanga kurasa kwa kadiri ya ubora wake. Hapo ndipo penye gharama. Akiba ya majibu huiruka kazi yote hiyo: maneno ya swali huwa ufunguo, na jibu lililokwisha kupangwa huwa mzigo, ufunguo ukilingana, mzigo hutolewa papo hapo.

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanao mfano wa karibu. Katika mifongo ya Wachaga, yaani mifereji iletayo maji toka mito ya juu, pamekuwa na mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya usiku, ili asubuhi mkulima ayakute karibu na shamba lake badala ya kuyangoja toka msituni. Lakini mfano huo una mpaka. Maji ya jana na ya leo huunywesha mgomba sawasawa, na maji ya fulani hayana tofauti na ya jirani yake. Majibu hayako hivyo.

Faida ya akiba ni kubwa, na kuibeza si uadilifu. Mwaka 1998 Sergey Brin na Lawrence Page walipoueleza mtambo wa Google, uliokuwa ungali kazi ya chuo kikuu cha Stanford na wenye kurasa zipatazo milioni 24, walisema wazi kwamba haukuwa bado na akiba ya maswali, na kwamba maswali mengi yalijibiwa kwa muda wa sekunde 1 hadi 10. Katika jedwali lao swali moja la maneno mawili lilikula sekunde 9.63 mara ya kwanza. Lilipokaririwa, likala 1.16, kwa sababu tu data zake zilikuwa zimesalia karibu. Kwa Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa na uzito wa ziada. Kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani mwezi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano na ng'ambo ilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ardhi, na kila safari ya kwenda na kurudi ilikula kama nusu sekunde. Mwenye kuteseka kwa kungoja hawezi kuambiwa kwamba haraka ni anasa.

HERUFI MOJA, MASWALI MENGI

Kahe iko kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, bondeni. Ni makao ya Wakahe, wenye lugha yao, Kikahe, ambayo Malcolm Guthrie aliiwekea alama E64 katika mpango wake wa lugha za Kibantu. Ni njia panda ya reli vilevile: hapo reli iliyotoka Tanga kwenda Moshi ilikutana na ile ya kutoka Voi, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuunganishwa mwaka 1916. Tena ni uwanja wa mapigano, maana mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana hapo. Nje ya Tanzania, Kahe ni jina la mahali penye kituo cha kuzalisha umeme katika pwani ya kisiwa cha Oahu, Hawaii. Na huko Kitshanga, Kivu ya Kaskazini, palikuwa na kambi ya watu waliokimbia vita iliyoitwa Kahe.

Basi na wachukuliwe watu watano, kila mmoja akiandika neno hilo moja: mkulima ataka habari za kijiji, mwanafunzi ataka habari za lugha, mwanahistoria habari za vita, mtu wa Honolulu habari za umeme, na mfanyakazi wa misaada habari za kambi. Kwa kipimo cha herufi, hao watano wameuliza swali moja. Aliyetangulia ndiye aliyepikiwa. Wanne waliobaki wapewa kiporo chake. Na kwa kuwa mtambo hulipanga jibu kwa kutazama kurasa zilizo nyingi na zenye kutajwa sana, upo uwezekano mkubwa kwamba kiporo hicho hakikupikwa kwa ladha ya Kahe ya Kilimanjaro.

Jina la mji wenyewe laonyesha shida hiyo kwa namna nyingine. Ili funguo nyingi zaidi zilingane, ni desturi kuondoa tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Kwa tendo hilo dogo Moshi, mji wa watu, wawa sawa na moshi, mvuke wa kuni. Anayetafuta habari za mji na anayetafuta njia ya kuondoa moshi jikoni wasimama mlango mmoja.

Mafundi hawakukosa kuliona hilo. Wameongeza katika ufunguo nchi ya mwulizaji, lugha yake, na pengine hata mambo aliyoyatafuta awali. Lakini kila kinachoongezwa hupunguza uwezekano wa funguo mbili kulingana, na kila upungufu wa kulingana huirudisha ile gharama iliyokimbiwa. Hii ndiyo siri ya kazi yote: akiba hupata nguvu kwa kusahau tofauti za watu. Swali la haki, basi, ni tofauti za nani zinazosahauliwa kwanza.

SWALI MOJA, HERUFI NYINGI

Upande wa pili wa kipimo hicho ndio unaokigusa Kiswahili zaidi. Mwingereza akiuliza habari za watu wa Kahe, za lugha ya Kahe, au za kituo cha Kahe, neno Kahe hubaki lilivyo, na viungo vyake havigeuki. Mswahili aweza kuandika Mkahe, Wakahe, Kikahe, watu wa Kahe, kabila la Kahe, lugha ya Kahe, kituo cha Kahe. Jina limevaa viambishi vitatu, na kiunganishi kimegeuka mara nne kufuata ngeli. Kwa msemaji wa lugha hii hayo ni mambo ya kawaida kama kupumua. Kwa mtambo usomao herufi, kila umbo ni mgeni.

Vitenzi vyazidi hapo. Mtu wa Kibosho au wa Marangu aweza kuuliza "kupanda migomba", "jinsi ya kupanda mgomba", "nipandeje migomba", au "migomba hupandwaje". Haja ni moja, funguo ni nne, na kwa akiba hayo ni maswali manne, kila moja likiwa na wachache wa kulikariri. Na hata hapo hatari haijaisha, kwa kuwa neno lile lile "kupanda" ndilo alitumialo mgeni atakaye kuupanda mlima.

Mwaka 2007 Ricardo Baeza-Yates na wenzake walitumia kumbukumbu za maswali za mwaka mzima, wakaonyesha kwamba akiba ya orodha za faharasa, yaani orodha ya kila neno peke yake, hupata maulizo mengi zaidi kuliko akiba ya majibu kamili. Sababu yake ni wazi: maneno hukaririwa kuliko maswali mazima. Huu ni ugunduzi wa maana, na kwa mtazamo wa kwanza waonekana kuwa ni faraja kwa lugha zenye waulizaji wachache; swali zima likikosekana, angalau maneno yake yatakuwamo. Lakini faraja hiyo yasimama juu ya neno lisilogeuka. Katika Kiswahili orodha yenyewe hugawanyika: kurasa za "Wakahe" zina orodha yake, za "Mkahe" yake, za "Kikahe" yake, na hakuna iliyo nzito vya kutosha kubaki karibu. Pasipo kuchambua maumbo ya maneno, dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa wa maswali yamwingia Mswahili nusu tu.

Pana jambo jingine la kupimwa hapa. Markatos alilinganisha akiba tuli, inayojazwa kabla kwa maswali yaliyopendwa siku zilizopita, na akiba badilifu, inayojaa na kujifuta kadiri maswali yajavyo. Akaona kwamba iliyo badilifu huitumia vyema nafasi kubwa, lakini nafasi ikiwa ndogo sana, ile tuli yaweza kuishinda. Kwa hesabu ni kweli. Lakini ikiwa akiba ni moja kwa lugha zote, ile tuli ni uchaguzi ambao kura zake zilipigwa jana na walio wengi. Kampuni ya Google imesema mara kwa mara kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayoyapokea kila siku hayajapata kuulizwa kabla. Swali lililoundwa kwa viambishi lina njia nyingi zaidi za kuingia katika fungu hilo, si kwa sababu ni swali geni, bali kwa sababu limevaa nguo ambayo mtambo haujaiona.

AKIBA NA WAKATI

Methali yasema kwamba akiba haiozi. Kwa fedha na kwa mtama uliokaushwa vyema methali hiyo yasimama. Kwa majibu yaanguka. Jibu huwekwa pamoja na muda wake wa kuishi, na muda ukipita hutupwa na kutafutwa upya. Ugumu ni kujua muda upi umfae nani. Bei ya kahawa, ambayo kwa miaka mingi mnada wake umekuwa ukifanyika Moshi, hubadilika mnada hata mnada. Jibu la kabla ya mnada, likitolewa baada yake, si jibu la zamani tu bali ni hasara kwa mkulima anayepatana na mnunuzi kwa kulitegemea. Kinyume chake, tarehe ya mapigano ya Kahe haitabadilika kamwe, na kulitafuta jibu lake upya kila saa ni kazi bure.

Kati ya hayo mawili yako mambo yatuliayo kwa muda mrefu kisha yakageuka kwa siku moja. Kwa miaka ipatayo 25 hapakuwa na treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi. Mwezi Desemba 2019 ikarejea. Swali juu ya treni ya Kahe lilikuwa na jibu moja kwa robo karne, na ghafula likawa na jibu jingine. Mtambo uliojifunza kwamba jambo hilo halibadiliki ungalikuwa na sababu nzuri ya kukosea. Swali linaloulizwa na wengi hupata wa kulikosoa upesi. Jibu bovu la swali la wachache laweza kukaa, maana hapana aligusaye. Hivyo kiambo kidogo chaweza kudhurika mara mbili: jibu lake halimo akibani linapohitajiwa, na likiwamo laweza kuwa limeoza.

UTETEZI NA MAREKEBISHO

Watetezi wa kipimo cha herufi wana hoja moja yenye nguvu, nayo haifai kupitwa. Wasema kwamba kuunganisha maumbo kwa kisu cha haraka huleta makosa mabaya kuliko ukawiaji. Na kweli, kisu kiondoacho wa- katika "Wakahe" kikatoa "kahe" ndicho hicho kitakachoondoa wa- katika "wakati" kikatoa "kati". Kitabu kikivuliwa ki- chabaki tabu. Kijiji kikivuliwa chawa jiji, na mtu wa Kahe aliyeuliza habari za kijiji apewe habari za Dar es Salaam. Heri kungoja nusu sekunde kuliko kupewa jibu la mwingine.

Lakini hoja hiyo yapinga kisu kibovu, haipingi uchambuzi. Tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza kuunda programu za kuchambua maneno ya Kiswahili, kazi iliyokua ikawa mfumo uitwao SALAMA. Na kati ya 1988 na 1992 alishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kukusanya sauti na maandishi ya lahaja na masimulizi. Haiwezekani tena kusema kwamba sarufi ya Kiswahili haifundishiki kwa mashine. Kinachotakiwa ni kuamua sehemu zipi za umbo zihesabiwe kuwa nguo, na zipi mwili.

Sarufi yenyewe yatoa mwongozo. Umoja na wingi viunganishwe: mgomba na migomba, kijiji na vijiji, Mkahe na Wakahe. Kuhama ngeli kusiunganishwe: kijiji kisiwe jiji, Kikahe kisiwe Mkahe, kwa kuwa kiambishi kilichomtoa mtu kikaleta lugha kimebeba maana, wala si pambo. Kiunganishi -a kihesabiwe kimoja, kiwe ya, wa, la au cha. Katika vitenzi, viambishi vya nafsi viondolewe, na vinyambuo vibaki, isipokuwa kile cha kutendwa, ambacho mara nyingi hugeuza mpangilio wa sentensi kuliko haja ya mwulizaji. Na njeo iangaliwe kwa hadhari: aulizaye "treni inapita Kahe lini" yuko kituoni na mzigo wake, na aulizaye "treni ilipita Kahe lini" yuko maktaba. Kuwapa wote wawili jibu moja ni kumkosesha mmoja safari.

Kwa kanuni hizo, yale maswali manne ya migomba yangekuwa moja au mawili, na bado mpanda mlima asingechanganywa na mpanda mgomba, kwa kuwa nomino iliyo karibu yawatenga. Jambo la pili, linalohitaji uamuzi tu kuliko elimu mpya, ni kuitengea kila lugha fungu lake katika akiba, ili maswali ya Kiswahili yashindane yenyewe kwa yenyewe badala ya kushindana na ya Kiingereza kwa wingi wa vichwa.

Kazi ya Markatos na ya waliomfuata yabaki kuwa kazi njema. Ilijibu swali ililojiwekea: jinsi ya kupunguza gharama ya mashine. Upungufu wake ni kwamba ilipokea bila kuhoji kwamba herufi ndizo swali, na ikapokea hivyo kwa sababu katika lugha ya kumbukumbu zilizopimwa herufi na swali havikuachana mbali. Msomi wa Kiswahili hawezi kuwalaumu wahandisi kwa kutojua ngeli ikiwa wajuao ngeli hawajawaandikia. Kamusi na vitabu vya sarufi vilivyopo viliandikwa kwa ajili ya msomaji aliye mtu. Haja ya sasa ni sarufi ya maswali, itakayoeleza Waswahili huulizaje, kwa maumbo gani, na maumbo yapi kwao ni mamoja.

Jambo hili si dogo kwa kuwa muda wake hupimwa kwa sehemu za sekunde. Mwanafunzi aliyeko Kahe akiuliza kwa Kiswahili akakawizwa au akapewa habari za Hawaii, kisha akauliza kwa Kiingereza akajibiwa upesi na sawasawa, hakuna haja ya kumhubiria. Ameshajifunza lugha ipi ni ya kuulizia. Kesho ataanza na hiyo, na swali lake la Kiswahili litakuwa limepungukiwa na mwulizaji mmoja zaidi katika hesabu ya akiba. Lugha haifi kwa kukatazwa tu. Hufifia pia kwa kutoulizwa.